Simu Iliyokataa Kutoka

Mzee aliingia kituoni bila kubisha hodi, mtoto wa kike amelala begani mwake, na kabla hajakaribishwa kiti akasema amekuja kumshtaki muuaji.

Inspekta aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Hakuwahi kumwona mtu huyu. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri ingawa kola ilikuwa imechakaa, na kuzunguka jicho lake la kulia palikuwa na alama ya duara iliyozama kwenye ngozi.

"Ni lenzi," mzee alisema, maana alimwona akiitazama. "Mimi fundi saa. Naibana jichoni kutwa nzima."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Kaa kwanza. Muuaji gani?"

"Mkwe wangu."

Alikaa taratibu ili mtoto asiamke. Alisimulia kwa sauti ya chini, macho makavu, kama mtu aliyekwisha kulia kwingine. Binti yake alikuwa na pumu tangu utotoni. Wiki iliyopita, mchana, ilimbana akiwa nyumbani peke yake na huyu mtoto. Kopo la dawa ya kuvuta lilikuwa limekwisha, na mumewe alikuwa ametoka asubuhi akisema ataleta jingine akitoka kazini. Binti akampigia. Akapiga tena, na tena. Jirani yao, mshonaji, alisikia mtoto analia bila kubembelezwa, akaenda kuangalia. Alimkuta mama yake sakafuni, simu mkononi.

"Yule alikuwa anamkatia simu," mzee alisema. "Mshonaji mwenyewe aliichukua kabla haijajifunga, jina la yule limejaa kwenye kioo, akalibonyeza pale pale. Haikuita hata mara moja. Inakatwa papo hapo. Na jana yake waligombana, mtaa mzima ulisikia."

"Waligombania nini?"

"Mambo ya nyumba. Zamu ya kuosha vyombo. Upuuzi ambao watu wanagombania wakidhani wana muda."

"Wewe hakukupigia?"

"Hakunipigia." Mzee alilivuta gauni la mjukuu wake likafunika magoti. "Angenipigia ningepokea. Kwangu siku hizi mtandao haukatiki hata kidogo. Alimpigia mume wake, kama inavyopasa."

Alitoa mfukoni simu iliyofungwa kwenye leso nyeupe, akaiweka mezani. Ilikuwa na ufa mdogo pembeni. Alisema hajui mchoro wa kuifungulia, wala hakutaka kumwuliza yule. Yule hakanyagi tena kwake, na mtoto hampati.

"Baba," Inspekta alisema, "je, ikionekana si yeye?"

"Ni yeye."

"Nimesema ikionekana."

Mzee alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Labda aliona jinsi alivyokuwa mdogo, hata umri wa binti yake hajafika.

"Ikionekana si yeye, nitampigia mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu nitamwomba radhi, nimwambie aje achukue mwanawe. Lakini na wewe uniahidi. Utakachokipata, niambie mimi kwanza. Chote. Usinipunguzie kwa sababu ya hizi mvi. Watu wamenihurumia mpaka hawaniambii kitu."

"Nakuahidi."

"Haya." Mzee aliinuka. "Jua limegeuka. Saa hizi lazima niwe nyumbani."

"Kuna mteja?"

"Mazoea tu," alisema, akatoka, kichwa cha mtoto kikiyumba begani.

*

Mkwe alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la kuhifadhia samaki, na Inspekta alipoona milango yake alidhani kesi imekwisha. Milango ilikuwa ya chuma, minene kama godoro, na kuta zimejazwa povu ndani ili baridi isitoke. Aliingia chumba cha kwanza na simu yake mkononi. Vijiti vya mtandao vikazimika kimoja kimoja mpaka hakikubaki hata kimoja.

"Basi ulikuwa humu ndani," alimwambia mkwe.

Kijana alikuwa amevaa koti zito la kazi, ndevu hazijanyolewa. Angeweza kusema ndiyo. Mlango wa kutokea alikuwa amefunguliwa kabisa.

"Hapana, afande. Nilikuwa nje, langoni. Nilikuwa na simu mkononi muda wote."

Mlinzi wa lango, mtu wa makamo mwenye tumbo na maneno mengi, alidakia: "Alikuwa hapa hapa! Anaitazama simu kama kuku anayetazama yai. Nikamwambia, bwana, utaitoboa hiyo. Tena akapigiwa na mteja wa samaki, wakaongea, akarudi kuitazama."

"Hapo ndipo unapojimaliza," Inspekta alimwambia mkwe. "Simu yako ilikuwa inafanya kazi. Mteja alikupata. Mkeo hakukupata?"

"Hakunipigia."

"Kwa nini ulikuwa unaitazama?"

Mkwe alijifuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akasema, "Nilikuwa nasubiri anipigie. Tuligombana. Mimi huwa siwezi kuanza, yeye ndiye huanza. Anapiga, anasema, 'Haya, bubu, umenuna bado?' Halafu tunacheka." Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kopo la dawa ya kuvuta, ganda lake la plastiki halijafunguliwa. "Nililinunua asubuhi ile, kabla ya kuingia kazini. Sijui niliweke wapi."

Mlinzi wa lango aligeukia barabara.

Inspekta alimpa ile simu yenye ufa, na mkwe akachora kwa kidole herufi moja, ya kwanza ya jina la binti yao. Kioo kikafunguka. Orodha ya simu zilizopigwa mchana ule ilikuwa jina lake tupu, likifuatana. Inspekta alipandisha macho mpaka juu kabisa, akairuka ile aliyobonyeza mshonaji, akafika kwenye simu ya mwisho ya marehemu mwenyewe. Haikuwa jina la mume. Iliandikwa "Baba".

Aliigeuza simu, kioo kikaangalia chini.

"Nini?" mkwe aliuliza.

"Bado sijajua."

Alichojua ni kwamba simu zote zilipigwa kwenye kifaa kimoja, na hakuna hata moja iliyofika kwenye kingine. Mkwe angeweza kufuta alama kwenye simu yake, lakini mzee naye hakupata kitu, na mzee hakuwa na sababu ya kufuta. Watu wawili waliokaa mbali wasingeweza kukataa simu ya mtu mmoja kwa mpigo. Kama kulikuwa na mkosaji, alikuwa upande wa aliyepiga.

*

Kampuni ya simu ilimpa fundi wa minara mrefu aliyeitwa Ngazi, na hakukuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Yeye ndiye aliyethibitisha jambo la kwanza.

"Hizo simu hazikuwahi kufika kwetu," alisema wakipanda mtaa wa marehemu. "Si kwamba mume alizikata. Kwenye mitambo hazipo. Ni kama hakupiga."

"Alipiga mpaka akafa."

Ngazi alilihamishia begi lake bega la pili.

Mshonaji aliwapokea kwenye kibaraza chake, tepu ya kupimia shingoni. Alipojua Ngazi ametoka wapi, alimrukia.

"Nyie watu hamna haya! Mwezi na zaidi tunalalamika! Mnakuja asubuhi na magari yenu, mnatazama, mnasema kila kitu safi, mnaondoka!"

"Mama, asubuhi kila kitu ni safi kweli."

"Asubuhi ndiyo! Njooni jua likigeuka muone. Simu inajaa vijiti vyote, ukipiga inarudi hapo hapo, kama umempigia mtu anayekuchukia."

Majirani walisogea, kila mmoja na mkosaji wake. Mmoja alisema ni lile jengo jipya la ghorofa, zege limeziba. Mwingine alisema ni mabati, siku hizi kila mtu ameezeka bati na mawimbi hayapendi chuma. Wa tatu alilaumu mawingu, wa nne kilima. Ngazi aliwakubalia wote kwa kichwa.

"Hawajakosea," alimwambia Inspekta pembeni. "Zege linakula mawimbi, bati linayarudisha, kilima kinaweka kivuli. Mvua kubwa nayo ina lake. Na watu wakipiga wote kwa pamoja, mnara unazidiwa."

"Lakini jengo la ghorofa halihami asubuhi likarudi mchana," Inspekta alisema.

Ngazi alisimama.

"Wala kilima," aliendelea. "Bati ni bati kutwa nzima. Hiki kinachokuja jua likigeuka kina ratiba. Kitu chenye ratiba kina mtu anayekiwasha."

"Na vijiti?" Ngazi aliuliza, sasa amechangamka. "Afande, nikuulize, vijiti vinakuonyesha nini?"

"Kwamba mtandao upo."

"Nusu tu. Simu na mnara ni watu wawili wanaoongea. Vijiti vinakwambia jinsi simu inavyousikia mnara. Havikwambii kama mnara unaisikia simu. Mnara una sauti kubwa, unasikika tu. Simu ni kama mtu anayenong'ona. Akitokea mwingine anapiga kelele kwenye sikio la mnara, mnong'ono unapotea. Wewe unaona vijiti vimejaa, unapiga, haitoki."

"Nani anaweza kupiga kelele hivyo?"

"Mtu mwenye busta. Kifaa cha kukuza mawimbi. Antena moja juu ya paa, nyingine ndani ya nyumba. Kikifungwa na anayejua, hakina neno. Kikifungwa vibaya, antena zikiwa karibu, ya ndani inaisikia ya nje, inarudia, ya nje inarudia tena. Umewahi kusikia kipaza sauti kikisogezwa karibu na spika?"

"Kinapiga yowe."

"Ndiyo hiyo. Ila yowe hili masikio yetu hayalisikii. Mnara ndio unaolisikia. Na mwenye kifaa hajui kitu, maana simu yake yuko nayo pale pale. Yeye tu ndiye anayepita."

Kwangu siku hizi mtandao haukatiki hata kidogo. Inspekta aliisikia sauti ikisema maneno hayo, wala haikuwa ya Ngazi. Aliuliza haraka, "Tunakitafutaje?"

Walingoja kwenye kibaraza. Mshonaji aliwaletea viti, huku bado amenuna. Jua lilipogeuka, Inspekta alijaribu kumpigia Mkuu wa kituo. Vijiti vilikuwa vimejaa. Simu ilirudi papo hapo, bila kuita, kama mlango uliofungwa usoni. Alimtazama mshonaji, na mshonaji akaitazama ile simu, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika.

"Basi hakuwa anakata," alisema. "Niliukumbuka ugomvi wao tu, nikasahau mtandao, nikasema kwa watu kwamba anakata. Nimesema msibani, mbele ya wote."

Ngazi alitoa kwenye begi antena bapa yenye kishikio, akaiunga na kifaa kilichoanza kupiga tiki tiki. Aliigeuza huku na huku. Kuelekea kwenye ghorofa jipya, tiki zilikuwa chache. Kuelekea juu, mtaa unakopanda, zikakazana. Walipanda. Kwenye njia panda zikafifia upande wa kulia na kuongezeka kushoto. Walipita duka la vinyozi, ukuta wa shule, nyumba yenye mbuzi. Tiki zikawa mlio mmoja usiokatika mbele ya nyumba ndogo ya chumba kimoja, inayotazamana na mnara ng'ambo ya bonde. Juu ya mlango palichorwa uso wa saa, mishale yake imesimama.

Ngazi alizima kifaa chake. "Unamfahamu mwenye nyumba?"

"Ndiye aliyeleta kesi," Inspekta alisema.

*

Hakuingia. Aliteremka mpaka chini kabisa ya mtaa, nyuma ya kilima, ambako simu ilishika mnara mwingine, akampigia Mkuu. Mkuu alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Sikiliza, mwanangu," alisema mwishoni. "Andika 'hitilafu ya mtandao'. Si uongo. Huyo fundi akichukue kifaa, aseme ni ukaguzi wa kawaida. Mume ametakasika, mtoto anarudi kwa baba yake. Unataka nini tena?"

"Nilimwahidi kumwambia yote. Yeye kwanza."

"Ahadi uliitoa kabla hujajua."

"Ndiyo, Mkuu."

"Ukimwambia, utakuwa umemzika."

"Inawezekana."

"Mimi sitakuamuru," Mkuu alisema. "Lakini ningekuwa wewe, nisingeweza."

Ngazi alikaa kwenye jiwe, antena magotini. Alisema angeweza kungoja hapo hapo. Inspekta alipanda mtaa peke yake, na mara hii alibisha hodi.

*

"Karibu, binti. Mlango haujafungwa."

Chumba kilikuwa safi kiasi cha kutisha. Saa zilining'inia ukutani, zote zikisema wakati mmoja. Mezani, vikopo vya skrubu vimepangwa kwa ukubwa. Mtoto alikaa mkekani akizungusha mishale ya saa mbovu. Juu ya meza, kwenye rafu, palikuwa na kisanduku cheusi chenye taa ya kijani, antena ndogo imesimama juu yake. Waya mfupi mnyoofu ulipanda hadi kwenye dari, na hapo hapo juu ya bati, Inspekta alijua, ilikuwa antena ya pili.

"Hicho ni nini, baba?"

"Ah, hicho." Mzee alitabasamu kidogo. "Busta. Masikio yangu si ya jana, na hapa ndani simu ilikuwa haishiki. Kila binti yangu akinipigia mchana, natoka uani, nasimama kwenye kigoda karibu na tangi la maji, nimenyoosha shingo. Ananicheka. 'Baba, unaongea na mimi au na mawingu?' Sasa nikaona, aa, nijipatie hiki. Nikakifunga mwenyewe. Nilitaka nimsikie kama amekaa pale, ila tangu hapo mchana akawa hapigi; nikadhani mtoto anamshughulisha."

"Na sasa?"

"Saa yake ikifika nawasha. Ndiyo hayo mazoea niliyokwambia. Najua hapigi."

Inspekta aliutazama waya. "Ulikuja mfupi hivi?"

"Hapana! Ulikuja mrefu, wa kufungia ng'ombe. Nikaukata." Alivuta droo. Waya uliobaki ulikuwa humo, umeviringwa duara safi na kufungwa kwa uzi. "Waya mrefu ni uchafu. Ndani ya saa, binti, hakuna kitu kinachoning'inia. Kila kitu kinakaa karibu na mwenzake."

"Baba, kaa."

"Nimekaa."

"Nilikuahidi nitakuambia yote, wewe kwanza."

Mzee aliweka mikono mezani. Inspekta alianza. Alimwambia kuhusu mlinzi wa lango, na mkwe aliyesubiri simu. Alimwambia kuhusu kopo lisilofunguliwa. Alieleza vijiti vinasema nini na havisemi nini. Alipofika kwenye kipaza sauti na spika, aliona macho ya mzee yakiondoka kwake, yakipanda kwenye kisanduku, yakifuata waya hadi darini, yakishuka kwenye droo iliyo wazi. Alikuwa fundi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili kitu kinachogusana na kitu kingine.

"Ule waya," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Urefu wake ulikuwa na kazi."

"Ndiyo."

Saa ziliendelea kugonga ukutani. Mtoto alisema, "Babu, imevunjika," akainua mshale mkononi. Mzee hakumsikia.

"Mimi," aliuliza, "alinipigia?"

Hapa ndipo alipoweza kumpunguzia. Hakuna mwingine aliyeiangalia ile orodha mpaka juu. Inspekta aliutafuta uongo mmoja mdogo, akaupata, ulikuwa tayari kabisa mdomoni. Akaumeza.

"Alikupigia. Ndiyo simu yake ya mwisho."

Mzee aliinama. Alibaki hivyo muda mrefu, kama anatafuta kiskrubu kilichoanguka. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa kifaa ukutani mwenyewe. Taa ya kijani ikazimika.

"Mkwe wangu anajua?"

"Bado. Na si lazima uwe wewe wa kumwambia, baba. Mimi naweza."

"Nilisema kwa mdomo wangu."

Alichukua simu yake, akatazama kioo. Hapakuwa na kijiti hata kimoja. Akatoka uani. Inspekta alimbeba mtoto, akamfuata, akamkuta anakivuta kigoda hadi pembeni ya tangi la maji. Alipanda kwa shida, akishikilia ukingo. Kijiti kimoja kikatokea, kikapotea, kikarudi. Akapiga, akanyoosha shingo.

Iliita. Hata Inspekta aliisikia ikiita.

"Hallo? Ni mimi, baba mkwe wako. Hallo?... Nasema samahani, mwanangu. Mtoto njoo umchukue... Sio wewe. Ni mimi... Husikii?"

Sauti ilikatika. Alijisogeza, kigoda kikayumba, akapiga tena. Kwenye ua wa pili mwanamke aliacha kuanika nguo. Kwenye kibaraza cha vinyozi watu waligeuza vichwa. Mzee aliwaona, wote. Hakushuka wala hakupunguza sauti, maana akipunguza hatasikika.

"Nasema ni mimi!" alipaza sauti, mkono mmoja juu ya tangi, uso umeinuliwa mbinguni. "Alikupigia! Wewe hukukata! Ni mimi niliyeziba! Unanisikia, mwanangu? Ni mimi!"